Ogania, Kaboni na Hai: Historia ya Istilahi Iliyoshuka Shambani

Miongoni mwa maswali yanayowafikia watumishi wa istilahi, yako yanayoonekana kuwa madogo hata mtu akashawishika kuyajibu kwa mstari mmoja na kufunga jalada. Moja la maswali hayo ni hili: je, yurea ni mbolea ya ogania, au siyo? Aliyetuuliza hakuwa mkemia, wala mwalimu, wala mfasiri. Alikuwa mama mmoja wa Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, mwenye majaruba ya mpunga huku bondeni na kihamba cha kahawa na migomba huko juu mlimani, kama zilivyo familia nyingi za Kichagga ambazo tangu zamani zimegawa jasho lao baina ya nyanda za chini na miteremko ya juu.

Mama huyo alikuwa ameshika kijikaratasi cha maelezo kwa wakulima, kilichotafsiriwa katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mkulima aliyejiunga na kundi la kahawa ya ogania hana budi kutumia mbolea za ogania peke yake. Ukurasa wa tatu, katika kueleza aina za mbolea, ulisema kwamba yurea ni kampaundi ogania yenye naitrojeni nyingi. Mama alizisoma sentensi zote mbili, akaziunganisha kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeziunganisha, akachukua nusu mfuko wa yurea uliobaki baada ya kukuzia mpunga, akaupandisha kihambani. Mkaguzi alipokuja, kihamba kile kikaondolewa katika orodha, na kipindi chake cha mpito kikaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kwanza.

“Wanangu,” alituambia baada ya kuitikia shikamoo zetu, “nielezeni mimi nimekosa wapi. Karatasi ni yenu, na maneno ni yenu.”

Kijikaratasi kile hatukukiandika sisi. Lakini hatukuthubutu kumjibu hivyo, maana kwa upande wa maneno alikuwa amesema kweli. Tena jambo la kustaajabisha ni kwamba sentensi zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja mahali pake. Ya kwanza ilikuwa sahihi katika kilimo, na ya tatu ilikuwa sahihi katika kemia. Kosa lilikuwa ni kuzivisha vazi moja. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi vazi hilo lilivyoshonwa, lilivyofika kwetu, na kwa nini tunaona kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kulivaa.

Tuanze na neno mbolea lenyewe, kwa kuwa lilikuwapo kabla ya mengine yote. Neno hili ni la Kibantu, na linahusiana na shina la kale lenye maana ya kuoza, ambalo alama zake tunaziona katika kivumishi chetu -bovu. Na Kizulu hadi leo kina kitenzi bola kwa maana hiyohiyo ya kuoza. Mbolea, basi, kwa asili yake ni kitu kilichooza. Mzee wa zamani aliposema mbolea hakuhitaji kivumishi cha kueleza kwamba imetokana na wanyama au majani, kwa sababu maana hiyo ilikuwa ndani ya neno. Kando yake likasimama neno samadi, lililotoka katika Kiarabu, nalo kwetu likaelekea zaidi kinyesi cha mifugo. Kisha yapo maneno mboji na vunde, hili la pili likitokana na kuvunda. Kwa hiyo lugha yetu, kabla haijakutana na mkemia hata mmoja, ilikwisha kuwa na msamiati mzuri wa vitu vinavyooza na kurudi ardhini. Kwa Wachagga jambo hili halikuwa la maneno tu. Kihamba kimeishi kwa samadi ya ng'ombe wanaofungwa zizini na kukatiwa majani, na kinyesi na mkojo wao hupelekwa kwenye migomba, ambayo nayo huitilia kivuli kahawa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huu kule Shimbwe Juu, katika eneo la Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Maji ya Mto Rau hutoka katika miteremko hiyohiyo.

Sasa ikaja mbolea ya pili, ambayo haikuoza. Mbolea za viwandani zilizojulikana mapema kwa wakulima wetu zilikuwa pamoja na salfeti ya amonia, ambayo kwa macho ni chembe nyeupe, na mtu akiiona mkononi haraka atafikiri ni chumvi. Wananchi wakaiita mbolea ya chumvichumvi. Tunaomba msomaji asiipite istilahi hii upesi. Kurudia neno katika Kiswahili mara nyingi huleta maana ya kufanana au kukaribia: majimaji si maji bali ni hali ya kuwa na maji, na chumvichumvi si chumvi bali ni kitu chenye sura ya chumvi. Aliyelitunga neno hili hakuwa na maabara, lakini alikuwa mwangalifu. Na kwa bahati, mkemia naye hana ugomvi naye hapa, kwa kuwa salfeti ya amonia ni chumvi hasa kwa maana ya kemia: asidi imekutana na besi, ikazaliwa chumvi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972 na kusimama mwaka 1991, kilitengeneza salfeti hiyo pamoja na mbolea nyingine, na katika miaka hiyo neno chumvichumvi likazoeleka nchi nzima.

Kisha yurea ikaingia. Huku Rau na vijiji jirani kama Mabogini na Chekereni, kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilipanuka sana baada ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ukitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Mbegu fupi za mpunga zilizoletwa zilihitaji naitrojeni, na mbolea yenye naitrojeni nyingi kwa uzito mdogo ni yurea. Hesabu yake ni nyepesi. Molekuli moja ya yurea ina atomi 1 ya kaboni, 1 ya oksijeni, 2 za naitrojeni na 4 za haidrojeni. Uzito wake wote ni 60, na kati ya huo 28 ni naitrojeni. Ndiyo maana mifuko huandikwa asilimia 46, na mfuko wa kilo 50 ukawa na kilo 23 za naitrojeni. Kwa kuwa nayo ni nyeupe na inauzwa dukani, yurea ikarithi jina la chumvichumvi bila ya mtu kuuliza. Hapa ndipo jina lilipoanza kuyumba, maana yurea si chumvi. Haikuzaliwa na asidi na besi, nayo ikiyeyuka majini haigawanyiki kama chumvi zinavyogawanyika. Tumepata kusimuliwa na mwalimu mmoja kuhusu kijana aliyeandika katika mtihani kwamba yurea ni chumvi, akanyimwa alama, akaenda kulalamika kwamba baba yake, aliyelima mpunga miaka yote, huiita hivyo. Sisi tunadhani kijana yule alistahili walau nusu ya alama kwa kusikiliza nyumbani.

Ikiwa yurea si chumvi, basi ni kitu gani? Jibu la swali hili latupeleka mbali na Rau kwa muda, lakini tutarudi.

Katika mwanzo wa karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa wamegawa vitu vyote mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu visivyo na uhai, kama mawe, metali na chumvi. La pili lilikuwa la vitu vitokavyo katika miili yenye uhai, kama sukari, mafuta na siki. Msweden Berzelius na wenzake waliliita fungu hili la pili kwa neno lililotokana na Kigiriki organon, ambalo kwanza lilikuwa ni chombo cha kazi, kisha likawa ni kiungo cha mwili, kisha mwili wenye viungo, yaani kiumbe. Iliaminiwa kwamba vitu vya fungu hili haviwezi kutengenezwa ila ndani ya kiumbe, kwa nguvu fulani ya uhai isiyopatikana katika chupa. Na yurea ilikuwa mfano mzuri mno wa imani hiyo. Ilikuwa imekwisha kupatikana katika mkojo tangu karne ya 18, na hata jina lake latokana na mkojo.

Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler, katika kufanya kazi na sianati ya amonia, akapata yurea. Alimwandikia Berzelius kumjulisha kwamba ameipata bila ya haja ya figo ya mtu wala ya mnyama. Kitu cha mwilini kilikuwa kimetoka katika chumvi ya maabara. Imani ile haikuanguka siku moja, kama wanavyopenda kusimulia waandishi wa vitabu vya shule, bali ililegea polepole kadiri vitu vingine vilivyotengenezwa kwa njia hiyo. Matokeo yake kwa lugha ndiyo yanayotuhusu: maana ilibadilika, na neno likabaki. Wanakemia hawakuulizana tena kama kitu kimetoka katika kiumbe, bali waliulizana kama kimejengwa juu ya kaboni. Jina la viumbe likaendelea kuitwa, ingawa mwenye jina alikwisha kuhama.

Kwa hiyo leo, kwa mkemia, sukari ya miwa ni ya fungu hili, na siki pia, lakini vilevile petroli, plastiki, na dawa ya DDT, ambayo molekuli yake ina atomi 14 za kaboni. Na yurea inayotengenezwa kiwandani kwa kuunganisha amonia na kaboni dioksidi imo humohumo, wala haitofautiani kwa chembe yoyote na ile iliyomo katika mkojo wa ng'ombe wa kihambani. Kama neno lingekuwa limebaki katika maabara, pasingekuwa na tatizo.

Lakini katika karne ya 20 neno hilo la Kiingereza, organic, lilichukuliwa na watu wengine kwa kazi nyingine. Hawa walikuwa wakulima na wanafikra waliopinga mbolea na dawa za viwandani, wakalichukua kwa maana yake ya kale, ya kiumbe na uhai. Shamba kwao lilikuwa kama mwili mmoja wenye viungo. Kiingereza kikawa na neno moja lenye maana mbili zinazokaribia kupingana, na wenye lugha yao wamezoea kuishi nalo. Si lugha zote zilizofanya hivyo. Kifaransa, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakijua vizuri, hutumia neno moja katika kemia na neno jingine katika kilimo: kilimo hiki kwao ni cha kibiolojia. Wajerumani nao wametenganisha. Kiarabu kimeunganisha kama Kiingereza, kwa kutumia neno litokanalo na kiungo cha mwili katika pande zote mbili.

Na sisi? Sisi, kwa maoni yetu, tulikuwa tumekwisha kutenganisha, kisha tukajisahau.

Kwa upande wa kilimo, neno lililoenea Tanzania ni kilimo hai. Sifa yake ni kwamba halikutafsiri neno la Kiingereza bali lilitafsiri jambo lenyewe, yaani kilimo kinachoutunza uhai wa udongo. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya namna hii, alama ya pamoja ya kuwekwa juu ya bidhaa ilipewa jina la Kiswahili, Kilimohai, ikaandikwa kwa neno moja. Ni nadra istilahi yetu kupewa kazi ya kusafiri hata katika nchi ambazo Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wengi. Hapa Kilimanjaro lina kasoro moja ya kuchekesha, nayo ni kwamba ipo Wilaya ya Hai, jirani kabisa na Moshi, yenye kahawa yake, na yeyote asikiaye kwa mara ya kwanza “kahawa ya kilimo hai” aweza kudhani imetoka Machame. Kasoro hii tunaichukulia kuwa nyepesi, kwa kuwa herufi kubwa huitatua katika maandishi na mazungumzo huitatua mdomoni.

Kwa upande wa kemia mambo hayakunyooka hivyo. Wapo walioandika ogani, wapo walioandika ogania, wapo oganiki. Na wapo waliofuata njia ya maana wakaandika kemia kaboni, au wakayaunganisha maneno hayo kuwa kemikaboni. Umbo ogani lina tatizo lake la pekee, kwa sababu katika biolojia limekwisha kupewa kazi ya kutaja viungo vya ndani kama figo na ini, hata kemia ogani ikasikika kama elimu ya kupima maini. Umbo ogania huenda lilitungwa ili kuliepuka tatizo hilo, lakini kwa mwananchi ni sauti tu. Halina jamaa yeyote katika Kiswahili wa kumwongoza msikilizaji. Na neno lisilo na jamaa, likitoka maabara likashuka shambani, hupokea maana yoyote litakayopewa na wa kwanza kulitumia.

Ndivyo ilivyotokea. Tukumbuke kwamba tangu 1967 elimu ya msingi imetolewa kwa Kiswahili, na kemia ya sekondari kwa miaka yote hiyo imefundishwa kwa Kiingereza. Pendekezo la Tume ya Makweta ya mwaka 1982 la kuingiza Kiswahili katika sekondari halikutekelezwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, lakini kamusi ya sayansi ambayo haina darasa la kuitumia huwa kama jembe lililotundikwa ukutani. Afisa aliyehitimu husoma kuhusu yurea kwa Kiingereza, husoma kuhusu kilimo hai kwa Kiingereza, na huko kwa Kiingereza neno ni lile lile moja. Anapokaa kutafsiri kwa ajili ya wakulima, hukuta neno moja mahali pawili, naye kwa uaminifu kabisa huweka neno moja mahali pawili. Mfasiri wa kijikaratasi cha Rau hakuwa mvivu. Tungesema alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mwongozo wa kwanza tunaowapa wafasiri, kwamba istilahi moja ipewe kisawe kimoja, ndio uliompoteza. Mwongozo huo ni mzuri ikiwa dhana ni moja. Zikiwa dhana mbili, haufai.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwani maana hizo mbili hazikutani mara nyingi. Twasema zinakutana kila msimu. Chukua fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Ni mawe, na kwa mkemia haimo kabisa katika fungu la kaboni. Lakini fosfati asilia ya mawe, ikiwa haikutiwa asidi kiwandani, huruhusiwa na kanuni za kilimo hai. Chukua mrututu, ambao wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaujua vizuri, kwa kuwa dawa za shaba zimenyunyiziwa mibuni yao kwa miongo mingi dhidi ya magonjwa ya kuvu. Mrututu ni chumvi ya shaba, hauna kaboni hata chembe, nao unaruhusiwa kwa mipaka. Yurea ina kaboni, na imekatazwa. DDT ina kaboni tele, na hakuna mkaguzi wa kilimo hai atakayeivumilia. Kwa hiyo mkulima akipewa neno ogania liwe kipimo cha ruhusa, kisha akaeleweshwa neno hilo kwa vitabu vya kemia, atatupa mrututu na kubakiza DDT. Mama wa Rau alibahatika kwamba kwake ilikuwa ni yurea tu.

Tunapenda kutoa maoni yetu kwa uwazi, tukijua kwamba hayajapata muhuri wa kikao chochote. Katika kemia, tunapendelea kemia kaboni, na kampaundi za kaboni kwa vitu vyenyewe. Istilahi hii inasema kile ambacho wanakemia wenyewe wanakimaanisha leo, badala ya kile walichokiamini kabla ya 1828. Hatufichi kwamba nayo ina upungufu. Kaboni dioksidi ina kaboni, chokaa ya mawe ina kaboni, na hata magadi ambayo Wachagga huyatia katika kiburu yana kaboni, navyo vyote kwa desturi havihesabiwi katika fungu hili. Mwanafunzi hodari atauliza, na mwalimu itampasa ajibu kwamba mpaka uliwekwa na desturi kuliko mantiki. Lakini swali hilo laulizwa hata na mwanafunzi wa Kiingereza. Upungufu wa istilahi yetu ni upungufu wa dhana yenyewe, wala hatuwezi kulaumiwa kwa kutokuwa nadhifu kuliko kemia.

Katika kilimo, tubaki na kilimo hai, na mazao yaitwe mazao ya kilimo hai. Kuhusu mbolea, hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu, ambao wangependa kupata neno moja la jumla litakalosimama badala ya kile Kiingereza kinachokiita mbolea ya namna hiyo. Wengine wamependekeza mbolea ya asili. Lakini mawe ya Minjingu nayo ni ya asili, hata kama hayakuoza. Sisi tunaona kwamba mkulima akiambiwa samadi, mboji na mbolea vunde ameambiwa yote, na tena ameambiwa kitu anachoweza kukitazama na kukishika. Si kila safu ya jedwali la Kiingereza ina haki ya kudai neno moja la Kiswahili. Penye vitu vitatu vinavyojulikana kwa majina, vitajwe kwa majina hayo. Ama kuhusu chumvichumvi, tungeiacha midomoni mwa wananchi, ambako imefanya kazi njema, na katika maandishi tuseme mbolea za viwandani.

Pengine msomaji atauliza kama tunapinga ukopaji. La. Tumekopa kaboni, tumekopa yurea, na samadi yenyewe ni mkopo wa kale. Wala si kila mara sisi ndio wakopaji. Katika Msitu wa Rau umo mti mkubwa ambao Wachagga huuita msoo, na wataalamu wa mimea walipoupa jina la Kilatini walilichukua neno hilo kama lilivyo, ukaitwa Oxystigma msoo. Waliona kwamba jina lililokuwako lilitosha kukitaja kitu chenyewe.

Tuliporudi kwa yule mama tulikuwa na kijikaratasi chake, tumekipiga mistari kwa kalamu. Ukurasa wa kwanza sasa ulisomeka hivi: “Mkulima wa kahawa ya kilimo hai atumie samadi, mboji na mbolea vunde. Asitumie mbolea yoyote ya kiwandani, pamoja na yurea, hata ikiwa imebaki kutoka shamba jingine. Mbolea ya mawe na dawa za shaba asizitumie kabla ya kumwuliza mkaguzi.” Katika ukurasa wa tatu tulifuta maneno mawili, kampaundi ogania, bila ya kuweka kitu mahali pake, kwa kuwa mtu anayekuzia mpunga hana haja ya kujua yurea imo katika fungu gani la kemia; ana haja ya kujua kwamba ina naitrojeni asilimia 46 na kwamba asiiache juu ya udongo ikapotea hewani kwa harufu ya amonia. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akafika pale penye maneno kutoka shamba jingine, akatazama juu mlimani.

“Hili,” akasema, “mngeliandika tangu mwanzo.”

Tulichukua anwani ya ofisi ile kutoka nyuma ya karatasi, na barua tuliyoipeleka huko ilikuwa na sentensi hizohizo tatu.